Shajara ya mradi: Bruce Brown ndani ya kibanda umiza

Februari

Onyesho limepata umbo. Litakuwa la saa moja, litasimuliwa kwa Kiswahili papo hapo mbele ya watu, na litahusu maisha na kazi ya Bruce Brown, Mmarekani wa California aliyepiga filamu za watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Filamu yake ya sita, The Endless Summer, iliwafikia hata watu ambao hawajawahi kuiona bahari. Pa kuonyeshea tumepapata: kibanda umiza kimoja huku Kigamboni, mabati juu, mabenchi ya mbao, projekta moja na spika mbili zenye nguvu kupita ukubwa wa chumba. Msimulizi ni kijana anayetafsiri muvi hapo hapo, mwenye sauti ambayo wateja wanaitambua kabla hawajalipa mlangoni. Mimi nashika utafiti, maandishi na picha.

Kwa nini Brown, wakati wapiga picha wa mawimbi wako wengi? Kwa sababu katika miaka yake ya mwanzo filamu zake hazikuwa na maneno ndani yake. Alikodi kumbi za shule na za mikutano kwenye miji ya pwani ya California, akafunga projekta ya milimita 16, akasimama pembeni na maiki, akasimulia kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho huku muziki ukitoka kwenye tepu. Kesho yake mji mwingine, hivyo hivyo. Kwetu mtu hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Tumekua na kina Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ wao. Tunajua msimulizi mzuri anavyoweza kuibeba muvi dhaifu mpaka mwisho na watu wakatoka wameridhika. Ninachotaka kionekane katika saa hiyo moja ni kwamba Brown alijifunza filamu kwa kuwasikiliza watu gizani, wapi wanacheka, wapi wanakohoa, wapi wanakaa kimya, na kwamba kamera yake ilikuja kufuata alichokisikia humo.

Suala la haki tumelimaliza mapema. Filamu za Brown zina wenyewe, kwa hiyo hatutaonyesha hata sekunde moja ya picha zake. Ukutani zitapita ramani, picha za bahari yetu tutakazopiga wenyewe, na vitu vichache vya kushika mkononi. Kinachobeba onyesho ni simulizi. Mwenye kibanda aliniuliza, "Sasa kaka, watu watalipa waje kusikiliza tu?" Nimemwambia ndiyo, na naamini hivyo.

Machi

Mwezi huu umekwisha kwenye maandishi ya sehemu ya kwanza, ile ya kabla hajawa na jina.

Brown alizaliwa San Francisco tarehe 1 Desemba 1937, lakini ni Long Beach, kusini zaidi, alikokulia na kujifunza kuteleza. Alipomaliza shule aliingia jeshi la majini upande wa nyambizi, akapangiwa Honolulu. Kwa kijana mwenye ubao, hapo ni sawa na kupelekwa nyumbani. Akiwa huko alianza kupiga wenzake kwa kamera ndogo ya milimita 8, kwa kujifurahisha tu. Aliporudi California alifanya kazi ya uokoaji ufukweni, na zile picha zake za milimita 8 zikawa zinaonyeshwa kwa watu wa karibu.

Mtu aliyembadilishia maisha ni Dale Velzy, mchongaji wa mbao za kutelezea aliyekuwa na biashara kubwa wakati huo. Velzy alitoa dola 5,000: nunua kamera, nunua filamu, nenda Hawaii na vijana wangu, utengeneze kitu cha kuonyesha. Fedha hizo zililipia kamera ya milimita 16, tiketi, chakula na kila kitu. Brown alikuwa na miaka 20 hivi, hajasomea filamu popote. Alinunua kitabu kinachofundisha jinsi ya kutengeneza filamu, akakisoma ndani ya ndege akielekea Hawaii. Mwaka 1958 ikatoka Slippery When Wet, na muziki wake ukapigwa na mpiga saksafoni wa jazi Bud Shank. Nimemsisitizia msimulizi wetu asiipite haraka picha hiyo ya kijana na kitabu ndani ya ndege. Vijana wengi wanaokaa kwenye mabenchi yale wanahariri video kwa simu na wamejifunza wenyewe. Wataielewa bila kusukumwa.

Kulikuwa na mkanganyiko mmoja ambao msikilizaji atauona tu, kwa hiyo tumeuweka wazi ndani ya simulizi. Kabla ya Bruce Brown alikuwapo Bud Browne, mwenye herufi moja zaidi mwishoni mwa jina, na hawana undugu. Bud Browne alizaliwa 1912, alikuwa muogeleaji wa chuo kikuu na baadaye mwalimu, na mwaka 1953 alionyesha filamu yake ya mawimbi ya Hawaii kwenye ukumbi wa shule huko Santa Monica kwa kiingilio. Biashara nzima ya filamu za mawimbi inahesabiwa kuanzia usiku ule. John Severson naye alikuwa akizunguka na filamu zake miaka ile ile ya Bruce, na kijitabu alichokichapisha 1960 ili kuitangaza mojawapo ndicho kilichogeuka kuwa jarida la Surfer. Hawa wote walikuwa wakibeba projekta zao wenyewe na kubandika matangazo yao wenyewe kwenye nguzo za umeme. Severson anastahili onyesho lake peke yake. Hapa anapewa sentensi mbili.

Bruce alitoa filamu moja kila mwaka: Surf Crazy mwaka 1959, Barefoot Adventure 1960, Surfing Hollow Days 1961, Waterlogged 1962. Msimu wa baridi anapiga picha Hawaii, mawimbi yanapokuwa makubwa, akirudi anakata na kuunga, kisha anaanza kuzunguka na maiki.

Kutoka Surfing Hollow Days tumechukua kisa kimoja na kukipa nafasi kubwa. Desemba 1961, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu, kulikuwa na wimbi lililokuwa likivunjika juu ya mwamba usio na kina, karibu kabisa na nchi kavu. Watu walilitazama tu, wakaliacha, kwa sababu lilidondoka wima na chini yake palikuwa na mwamba mkali. Phil Edwards aliingia, na Brown alikuwa ufukweni na kamera. Hizo ndizo picha za kwanza za mtu akiteleza mahali pale. Wakati huo barabarani karibu na hapo kulikuwa na mradi wa kulaza mabomba makubwa ardhini, na mwenzao Mike Diffenderfer, alipoona jinsi wimbi lile linavyojikunja na kuacha tundu katikati, akapendekeza jina Pipeline, yaani bomba lile lile lililokuwa likilazwa. Brown akalitumia jina hilo kwenye simulizi zake, ukumbi baada ya ukumbi, likashika. Leo ni mojawapo ya mawimbi mashuhuri duniani. Jina lililoenezwa kwa maiki, na mtu mmoja aliyesimama kando ya projekta: kisa hiki ndicho onyesho letu zima kwa ufupi, na msimulizi amekikariri wa kwanza.

Aprili

Kusi imeanza kuvuma na picha zetu za bahari zimeanza kupatikana.

Nilikwenda kumsikiliza mzee mmoja mvuvi anayeijua pwani hii ya kusini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Hiyo mashine yako inataka maji yaliyotulia au yaliyochafuka?" Nikamwambia yaliyochafuka. Akaniambia nije alfajiri siku za bamvua, maji yakiwa yameanza kujaa, wakati umande bado unatoka nchi kavu na matanga bado hayajapata kazi. Upepo ukitoka nchi kavu unalishikilia wimbi kwa mbele, linasimama wima na kukawia kuanguka. Upepo wa baharini ukishaingia, uso wa wimbi unakatika katika na kuwa povu. Wapiga picha wa California wanaamka gizani kwa sababu hiyo hiyo.

Picha zimetoka nzuri kuliko nilivyotarajia. Ila zinaonyesha pia kwa nini pwani yetu haikuwa na mchezo huu kwa wingi. Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania na Kenya ina mwamba nje, na wimbi linamalizia nguvu zake huko. Likifika ufukweni limechoka. Pale pasipo na mwamba linaanguka lote kwa pamoja, kishindo kimoja, na mtelezaji hana pa kukimbilia. Anachokitafuta yeye ni wimbi linaloanza kuvunjika upande mmoja na kuendelea taratibu kuelekea upande wa pili, ili aendelee kuteleza mbele ya povu. Hilo hutokea zaidi kwenye rasi. Wimbi likikutana na ncha ya nchi, upande wake ulio karibu na kina kifupi unapunguza mwendo kwanza, upande wa nje bado unakwenda kasi, kwa hiyo wimbi zima linapinda na kuizunguka rasi likivunjika kidogo kidogo. Nimelichora kwa chaki kwenye ubao mweusi na ndiyo picha itakayokaa ukutani wakati msimulizi anaeleza, kwa sababu bila kuelewa hilo, sehemu ya Afrika Kusini itakayofuata haina uzito.

Jambo jingine la mwezi huu ni kamera. Fundi mmoja wa saa na redio mjini ana Bolex ya milimita 16, kamera ya Uswisi, aina ile ile aliyoitumia Brown. Hauzi, lakini amekubali tuje kuishika na kuirekodi sauti yake, na baadaye kuiazima siku ya onyesho.

Ni nzito, chuma kitupu. Haina betri. Ubavuni ina mkono mdogo wa kukunjua, unaouzungusha mpaka springi ya ndani ikaze, kisha unaurudisha mahali pake. Ukibonyeza, inaanza kusaga kwa mlio wa haraka unaofanana na cherehani. Springi ikiwa imekaza kabisa inakupa chini ya nusu dakika kwa mwendo wa kawaida wa picha 24 kwa sekunde, halafu inakatika. Ndani inaingia filamu ya futi 100. Hesabu yake ni picha 40 kwa kila futi, kwa hiyo picha 4,000, kwa hiyo dakika mbili na sekunde 46. Ukitaka mwendo wa polepole, ule unaomfanya mtelezaji aonekane anaelea, unaipandisha hadi picha 64 kwa sekunde, na sasa futi zile 100 zinakwisha kwa dakika moja na sekunde mbili hivi. Baada ya hapo unafungua kamera kivulini, unatoa, unaweka nyingine, huku wimbi zuri kuliko yote likipita.

Nimekaa na mambo hayo siku nyingi. Anayepiga mawimbi kwa simu anaacha kamera iwake, anachagua baadaye. Brown ilimbidi alisome wimbi likiwa bado mgongo tu kwa mbali, aamue kama mtu yule atalipata au atalikosa, ndipo abonyeze. Kila kubonyeza kulikuwa na bei, na picha yenyewe hakuiona mpaka filamu ikasafishwe, wiki kadhaa baadaye, bara jingine. Picha zake nyingi zimepigwa kutoka nchi kavu kwa lenzi ndefu juu ya miguu mitatu, na utulivu unaoonekana ndani yake umetokana na mtu aliyejifunza kungoja. Msimulizi aliniomba tuuweke mlio wa Bolex kwenye spika kabla hajafungua mdomo, sekunde ishirini na kitu za kusaga, halafu ukatike ghafla. Wazo lake, na ni zuri sana.

Mei

Sehemu ya Afrika. Hii ndiyo iliyonifanya nianze mradi na ndiyo iliyochukua usiku mwingi.

Kwanza safari yenyewe. Baada ya filamu tano katika miaka mitano, Brown alitaka ajipe miaka miwili kwa filamu moja, kwa bajeti ya dola 50,000. Mpango wa awali ulikuwa kwenda Afrika Kusini tu. Wakala wa tiketi akamwonyesha kwamba tiketi ya kuizunguka dunia nzima ni nafuu kwa dola 50 kuliko ya kwenda Cape Town na kurudi. Wakaizunguka dunia. Novemba 1963 waliondoka watatu: Brown, ambaye alikuwa hajafikisha miaka 26, na watelezaji wawili, Mike Hynson na Robert August, ambaye ndio kwanza alikuwa ametoka sekondari. Walipita Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, kisha Australia, New Zealand, Tahiti na Hawaii.

Nyuma ya safari hiyo kuna mtu mwingine, Dick Metz, Mkalifornia aliyezunguka dunia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuivuka Afrika kwa kuomba lifti mpaka Cape Town. Alifika ufukweni huko akamkuta John Whitmore, mtelezaji wa kwanza kwanza wa Cape Town, wakawa marafiki. Metz aliporudi nyumbani na hadithi zake, Brown alikuwa mmoja wa waliozisikia. Barua na kujuana ndivyo vilivyotengeneza njia.

Kilele cha filamu ni Cape St. Francis, kwenye pwani ya kusini ya Afrika Kusini, siyo mbali na Jeffreys Bay ambako siku hizi hufanyika mashindano ya dunia. Dhoruba za bahari ya kusini husukuma mawimbi yanayosafiri siku nyingi, yakifika kwenye rasi ile yanapinda kama nilivyochora kwa chaki, na siku ile yalikuwa madogo, safi, yanayofanana moja na jingine, na marefu kiasi kwamba Hynson aliendelea kuteleza mpaka ukadhani hatafika mwisho. Wimbi hilo sasa linaitwa kwa jina la Brown, Bruce's Beauties. Linapatikana siku chache sana kwa mwaka.

Sasa lile ambalo sauti ya Brown haikulisema. Kwenye sehemu za Senegal na Ghana anasimulia kama mtu aliyewaletea wenyeji kitu kisichojulikana kwao, na mizaha yake juu ya watu wa vijijini, mtu wa pwani ya Afrika akiisikia leo inamchoma. Naipenda filamu hii na bado inanichoma. Mwaka 1834, miaka karibu 130 kabla ya Bolex ile kufika, msafiri Mskoti James Alexander aliandika kwamba aliona wavulana wa Accra wakiogelea kwenda baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao, wakingoja wimbi, kisha wakija nalo kasi mpaka ufukweni. Kuna Mjerumani, Michael Hemmersam, aliyeandika juu ya watoto na mbao kwenye pwani hiyo hiyo tangu miaka ya 1640. Watu wa Ghana walikuwa wakicheza na wimbi muda mrefu, kwa mbao zao na kwa mitumbwi yao, na mwanahistoria Kevin Dawson ameyakusanya hayo kwa kina.

Afrika Kusini ni zaidi. Sheria ya mwaka 1953 ilikuwa imeshatenganisha watu katika maeneo ya umma kwa rangi, fukwe zikiwamo. Kesi ya Rivonia ilianza Pretoria Oktoba 1963 na hukumu ikasomwa Juni 1964. Ina maana kwamba wakati vijana wale watatu wanatembea mchangani na mbao zao, Nelson Mandela na wenzake walikuwa kizimbani. Ndani ya filamu kuna mzaha mmoja tu unaogusa ubaguzi, nao unapita.

Tulibishana juu ya hili, mimi na msimulizi. Yeye alisema, "Kaka, watu wamekuja kufurahi. Ukiwapa kesi katikati ya bahari utawapoteza." Nikamwambia watazamaji wetu wana babu zao waliowapokea wapigania uhuru wa Afrika Kusini hapa Dar es Salaam, Mazimbu na Kongwa. Ukiwapitisha Cape St. Francis ya miaka ile bila kulitaja hilo, watakuwa wamenyimwa nusu ya picha. Akanyamaza muda, kisha akaniambia nimpe kwa maneno machache na yeye atajua pa kuyaweka. Akayaweka mahali ambapo mimi nisingefikiria: katikati ya wimbi lile refu, Hynson bado anateleza. Sauti inashuka, inaitaja Pretoria, inayataja majina ya walioko kizimbani, halafu inarudi kwenye wimbi ambalo bado halijaisha. Nilisimama niliposikia.

Juni

Mazoezi. Maandishi niliyoyaona marefu kwenye karatasi yanakwisha haraka mdomoni, na yale mafupi yanachukua muda kwa sababu msimulizi anayazungushia vya kwake. Nimeacha kumzuia. Brown naye alikuwa akibadilisha simulizi kila usiku kulingana na ukumbi, na ilipofika wakati wa kuirekodi sauti ya The Endless Summer moja kwa moja kwenye filamu, maneno yale yalikuwa yameshapimwa mbele ya watu wengi. Ndiyo maana yanasikika kama ya mtu anayezungumza nawe sebuleni.

Sehemu ya biashara ilitulia mwezi huu. Mwaka 1964 Brown aliizungusha filamu kwa njia yake ya zamani na kumbi zikajaa. Wasambazaji wakubwa walimkatalia: filamu ya bahari haiwezi kuuza mbali na bahari. Yeye na mshirika wake R. Paul Allen wakaipeleka Wichita, Kansas, katikati kabisa ya Marekani, majira ya baridi na theluji. Watu walipanga foleni nje na kuijaza sinema kwa wiki mbili. Wasambazaji hawakubadilika. Brown akaikuza mwenyewe kutoka milimita 16 hadi 35 na kukodi sinema New York, Kips Bay, ilipofunguliwa Juni 1966 na kukaa karibu mwaka mzima. Hapo ndipo kampuni ya Cinema V iliichukua, ikaenda duniani na kuingiza mamilioni ya dola. Bango lake, jua la rangi kali na vivuli vya watelezaji, lililochorwa na John Van Hamersveld, linaning'inia kwenye kuta za watu wasiojua hata kuogelea. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa.

Kisa cha Wichita ndicho mwenye kibanda alichokipenda. Alikuja kwenye mazoezi, akasimama mlangoni na funguo zake mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema atatoa punguzo kwa wanafunzi.

Julai

Tumeonyesha. Kibanda kilijaa, na wengine walikaa chini mbele ya benchi la kwanza. Umeme haukukatika. Mlio wa Bolex ulipoanza kwenye spika, watoto waligeuka nyuma kuutafuta. Kamera yenyewe ilikuwa juu ya meza, na baada ya onyesho fundi aliiruhusu ipite mkono kwa mkono huku yeye akiifuata kwa karibu.

Kitabu ndani ya ndege kilipigiwa makofi. Pipeline ilipigiwa kelele. Pretoria palikuwa kimya, kisha mama mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Wasimulie hao," na msimulizi akamjibu, "Naam mama," akaendelea.

Maswali yalikuwa marefu kuliko nilivyopanga. Vijana walitaka kujua Brown alilipwaje, kamera ilikuwa bei gani, na kama Hynson na August walitajirika. Mzee mvuvi wa mwezi wa nne, ambaye nilimkaribisha na nikafurahi mno kumwona, aliuliza swali ambalo sikuwa nimeliandikia jibu ndani ya simulizi: "Hilo wimbi bado lipo?"

Lipo, lakini siyo lile. Brown alirudi Cape St. Francis alipotengeneza The Endless Summer II, iliyotoka 1994, na mahali palipokuwa na matuta ya mchanga alikuta nyumba. Zamani upepo uliupeperusha mchanga juu ya matuta, ukavuka rasi na kuulisha ufukwe wa upande wa pili. Matuta yalipopandwa mimea na kujengwa, mchanga ulikoma kutembea, ufukwe ukaanza kuliwa, na wimbi likabadilika. Nilimweleza mzee hivyo, akatikisa kichwa. "Kama Kunduchi," akasema. Ukumbi mzima ulielewa, maana kila mtu hapa anazijua fukwe za Kunduchi zilivyoliwa na bahari.

Agosti

Kazi iliyobaki kabla ya onyesho la pili.

Jibu la swali la mzee linaingia ndani ya simulizi, baada ya wimbi refu, kwa mchoro wa pili wa chaki: upepo, tuta, rasi, ufukwe. Nataka pia picha za Kunduchi tuzipige wenyewe, maji yakiwa yamekupwa, misingi ya majengo ya zamani ikionekana.

Msimulizi anataka pikipiki. Mwaka 1971 Brown alitoa On Any Sunday, filamu ya mbio za pikipiki ambayo Steve McQueen aliigharimia na kuonekana ndani yake, na iliteuliwa kugombea Oscar ya filamu za kumbukumbu. Ili kupata mwendo wa polepole sana, waliziwekea kamera za volti 12 betri za volti 24 na zikakimbia kupita kawaida. Kibanda kiko hatua chache kutoka kijiwe cha bodaboda, na yeye anasema akilitaja hilo la betri mbele ya mafundi pikipiki hataachiwa aendelee. Tunaipa dakika kumi, na ili nafasi ipatikane Severson anabaki na sentensi moja.

Miaka yake ya mwisho bado sijaiandika vizuri. Baada ya mafanikio yote alihamia kwenye eneo la mashamba kaskazini ya Santa Barbara, akaendesha pikipiki, akavua, akateleza, na kwa muda mrefu hakutengeneza filamu. Mwanawe Dana aliingia kazi hiyo hiyo na mwaka 2003 akatoa Step into Liquid. Bruce alifariki Santa Barbara tarehe 10 Desemba 2017, akiwa na miaka 80. Hynson alifariki Januari 2025. Msimulizi ameomba sehemu hiyo iwe fupi na isisomwe kwa sauti ya msiba, na nakubaliana naye.

Mwenye kibanda ametupa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya mechi ya jioni. Fundi ameahidi kuleta Bolex tena, safari hii ikiwa na kipande cha filamu tupu ndani ili watoto waone inavyopita kwenye meno yake kifuniko kikiwa wazi. Kesho alfajiri naenda Kunduchi kupiga picha, maji yanakupwa mapema.